Sauti ya Binti Mfalme

Studio yetu ipo Sinza, nyuma ya saluni.
Ukutani trei za mayai, mlangoni blanketi,
ili ngurumo za drai zisiingie hadithini.
Humo ndimo ninamotafsiri tamthilia.
Natafsiri wote:
mfalme, mpishi, farasi akikoroma,
bibi mchawi (hapo nabana pua),
na binti mfalme (hapo nalegeza koo,
kama mtu anayeomba mkopo).

Miaka tisa nimemlilia binti yule.
Nimelala usingizi wake wa karne,
nimepoteza kiatu, nimesubiri dirishani,
nimesema "ahsante, ee mwanamfalme"
kwa namna mia,
na zote zina kikohozi changu.

Mwaka huu wameleta mpya.
Binti yule yule, mnara ule ule,
ila safari hii anashuka mwenyewe
kwa mashuka aliyoyapiga mafundo,
anachomoa upanga kiunoni mwa mlinzi aliyesinzia,
na mwanamfalme ndiye anayelia chini,
kifundo cha mguu kimeteguka.
Anamwambia:
"Kaa hapo. Usiguse kitu. Narudi."

Nikarekodi.
Mara ya kwanza ikatoka kama mwizi.
Mara ya pili kama mgambo wa jiji.
Mara ya tatu Kisamo wa mitambo akacheka,
akasema ipite tu,
wateja wanataka sehemu ya nne kabla ya Ijumaa.

Nyumbani Tabata, saa tatu usiku.
Mwanaidi anachambua mchele, macho kwenye runinga,
vidole vinazijua chuya bila kuangalia.
Tunu kasimama juu ya kochi na mwiko.
Zimwi likaanguka.
Majirani wakashangilia ng'ambo ya ukuta kama limeingia goli.
Tunu akanigeukia:
"Baba, mbona anaongea kama wewe?"
Ndiyo kazi yangu, mwanangu.
"Na zimwi?"
Zimwi pia ni mimi.
"Kwa hiyo umejiua."

Mwanaidi hakuinua kichwa.
Aliokota kijiwe mcheleni,
akakiweka ukingoni mwa ungo.
Tak.

Nikamwambia bosi tutafute mwanamke.
Akajibu: watazamaji wamekuzoea.
Halafu mwanamke ataomba nauli ya usiku.
Upanga si tumempa?
Anataka nini tena?

Nikamkumbuka mama, kule Kilwa, koroboi ikififia.
Hadithi njoo, uongo njoo, tuliitikia,
naye akatoa sauti zote peke yake:
fisi, jini, sultani na majeshi yake.
Sultani wa mama alikuwa na mafua ya mwanamke
aliyeshinda jikoni kwenye moshi,
na hakuna mtoto aliyeuliza.
Masultani wangu wote wa utotoni walikuwa wanawake.
Sijui niliwasahau lini.
Sijui kama hilo ni jibu,
maana yeye hakulipwa hata shilingi
na mimi nalipwa kwa kila sehemu.

Alhamisi Mwanaidi akaniletea chakula studio.
Kisamo alikuwa ameirudisha picha nyuma kwa bahati mbaya:
mnara, mashuka, kifundo cha mguu.
Nikamvalisha vipokea sauti juu ya mtandio.
Sema tu, nikamwambia.
"Nimwambie nani?"
Huyo anayelia.
Akamtazama kijana wa watu kwa muda,
kama anavyotazama sufuria lililoungua,
akipima kama litasuguka.

Hakupaza. Hakulegeza koo.
Alisema kama anavyosema kila alfajiri
akiwa na mlango nusu wazi,
ndoo mkono mmoja, ufunguo mdomoni:

"Kaa hapo. Usiguse kitu. Narudi."

Kisamo akaacha kutafuna.
Nyuma ya blanketi, drai zikanyamaza,
au labda umeme ulikatika upande wa saluni.
Bosi hajaisikia bado,
na Ijumaa ni kesho.

Mimi nilikuwa nimesimama.
Nikakaa.
Hotpoti mapajani,
na kifuniko sikukigusa.